Kuazimia Moyoni Kabla ya Kula Kiapo

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Danieli 1:1–16; Hesabu 1:47–53; Kumbukumbu la Torati 20:5–8; 1 Samweli 22:6–19; 1 Samweli 30:9–25; 2 Wafalme 5:15–19; Luka 3:14; Matendo ya Mitume 10:1–8.

Fungu la Kukariri: Danieli 1:8. Lisome katika Biblia yako mara tatu, kisha uliseme bila kutazama.

Mfikirie kijana wa Katumba, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Amemaliza kidato cha nne. Baba yake aliacha kulima tumbaku siku alipobatizwa, na tangu hapo nyumba inaishi kwa mahindi na mpunga huku majirani wakipokea malipo ya tumbaku kila msimu. Bibi yake alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, akikimbia watu waliovaa sare. Mwaka 2014 wakimbizi wa zamani wa Katumba na Mishamo walipoanza kupewa vyeti vya uraia, jina la familia hiyo lilikuwamo. Kijana ana jambo moja moyoni: nchi hii ilimpokea bibi yake, naye anataka kuitumikia.

Tangazo la nafasi za kujitolea katika Jeshi la Kujenga Taifa limebandikwa. Ijumaa jioni, baada ya kufungua Sabato, anabaki nje ya kanisa mpaka watu watawanyike, kisha anamfuata mzee wa kanisa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona hujaenda nyumbani?”

“Mzee, naomba kanisa liniandikie barua. Nataka kwenda JKT. Nikitoka huko niingie jeshini.”

“Jeshi lipi?”

“Lolote litakalonichukua, mzee.”

“Na bibi amesemaje?”

Kijana anatazama chini. “Bibi hataki hata kuliona tangazo.”

Juma hili tutalichunguza jibu lile la katikati, “lolote litakalonichukua.” Vijana wengi wa kanisa huingia jeshini kwa jibu hilo. Maandiko yanaonyesha kwamba mtu wa Mungu anaweza kutumika chini ya mfalme, hata mfalme asiyemjua Mungu. Yanaonyesha pia kwamba kuna jambo linalotangulia kuchagua jeshi.

JUMAPILI
Majeshi Mengi, Mlango Mmoja

Kijana anaposema “jeshi,” mara nyingi ana picha moja tu kichwani: kombati na gwaride. Hata kanisani picha hiyo tumemsaidia kuipata, kwa kuwa wengi walijifunza kugeuka kushoto na kulia katika chama cha Watafuta Njia kabla hawajamwona askari kwa karibu. Lakini vyombo ni vingi na kazi zake hazifanani.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 10, 1963. Kuna wanaoliingia kwa mujibu wa sheria, yaani wahitimu wa kidato cha sita. Utaratibu huo ulisimama mwaka 1994 ukarudi mwaka 2013. Kuna pia wanaojitolea, kama kijana wetu anavyotaka. Kwa watu wa Katavi kambi zilizo jirani ni za mkoa wa Rukwa, Luwa na Milundikwa, lakini kuruta hachagui kambi, na anayetoka Mpanda anaweza kujikuta Tanga au Mara.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa Septemba 1, 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo. Lina wanajeshi wa nchi kavu, wa anga na wa majini, na ndani yake wamo madaktari, wauguzi, wahandisi, mafundi, madereva na wapishi. Chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kuna Polisi, Magereza, Uhamiaji, na Zimamoto na Uokoaji. Halafu lipo jeshi usu, ambalo watu wa Katavi wanalifahamu kuliko watu wa mikoa mingi, maana Hifadhi ya Taifa ya Katavi ipo mlangoni pao na askari wake huonekana kila siku pale Sitalike.

Vyombo hivi mara nyingi huchukua vijana waliokwisha kupita JKT. Ndiyo maana kijana huona mlango mmoja tu na husema “lolote.” Lakini matangazo ya JKT yenyewe hueleza kwamba mafunzo yale si ahadi ya ajira. Mwezi Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kuondolewa kambini kwa vijana 854 baada ya kugoma wakidai kuandikishwa jeshini. Walikuwa vijana waliokwisha kutumika, nao wakarudi nyumbani bila kazi. Mzazi anayeuza ng'ombe kwa ajili ya nauli na vifaa vya mwanawe ajue habari hiyo mapema, na asimfundishe mwana kuweka tumaini lote hapo.

Soma Luka 3:14. Askari walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Je, alijibu nini, na ni jambo gani ambalo hakulisema?

Yohana hakuwaamuru waache kazi. Aliwataja kwa dhambi za kazi yao: kudhulumu kwa nguvu, kushitaki kwa uongo, kutoridhika na mshahara. Kila chombo kina jaribu lake. Anayesimama barabarani ana jaribu la barabarani, anayesimama mpakani ana la mpakani, na askari wa hifadhi aliyekamata ng'ombe usiku ana lake. Tena Katavi wafugaji ni wengi. Askari Mwadventista wa hifadhi anaweza kukuta ndani ya mpaka kundi la mtu anayekaa naye benchi moja kila Sabato. Je, atamwachia kwa sababu ni ndugu? Je, atapokea kitu? Au atafanya kazi yake, kisha Sabato inayofuata anyooshe mkono kumsalimu?

Fikiri: Kabla ya kuuliza “jeshi gani litanichukua,” kijana ajiulize, “mikono yangu itafanya kazi gani huko kila siku?” Je, unadhani swali hilo lingebadilisha chaguo la vijana unaowafahamu?

JUMATATU
Waliobaki na Mizigo

Soma Hesabu 1:47–53. Israeli wanahesabiwa kwa ajili ya vita, kuanzia mwanamume wa miaka ishirini. Kabila moja halihesabiwi pamoja na wengine. Kwa nini?

Walawi hawakuachwa kwa kuwa ni wavivu au waoga. Walipewa utumishi mwingine: kubeba maskani, kuisimamisha, kuilinda. Walikuwa kambini pamoja na ndugu zao, wakisafiri safari ile ile, lakini kazi yao haikuwa upanga.

Sheria ilikwenda mbali zaidi. Katika Kumbukumbu la Torati 20:5–8, kabla ya vita maakida waliwauliza watu: nani amejenga nyumba mpya, nani amepanda shamba la mizabibu, nani ameposa, nani anaogopa. Hao wote waliruhusiwa kurudi nyumbani. Majeshi mengi ya dunia hayaulizi swali la namna hiyo. Bwana aliuliza, na aliuliza kabla, si katikati ya mapigano.

Kisha soma 1 Samweli 30:9–25. Watu mia mbili walichoka, wakabaki kwenye kijito cha Besori na mizigo. Mia nne waliokwenda vitani waliporudi na nyara, baadhi yao hawakutaka kugawana na waliobaki. Daudi aliamuaje?

Uamuzi wa Daudi ulifanywa kuwa amri katika Israeli: fungu la aliyekaa na vyombo ni sawa na fungu la aliyeshuka vitani. Askari wa stoo, mpishi, fundi na muuguzi si askari nusu.

Kanisa la Waadventista Wasabato lilipoanza Marekani lilikutana na swali hili likiwa bado changa. Lilipangwa rasmi mwaka 1863, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiendelea. Mwaka 1864 viongozi walieleza serikali msimamo wao kwamba waumini wako tayari kuitumikia nchi yao, lakini si kwa kubeba silaha za kuua. Tangu hapo kanisa limewashauri vijana wake kutumika bila silaha, hasa katika tiba. Ni ushauri. Halijaufanya kuwa kipimo cha ushirika, na jambo hilo tutalirudia Ijumaa.

Mfano unaosimuliwa zaidi kwenye makambi yetu ni wa Desmond Doss, Mmarekani aliyeingia jeshini mwaka 1942 akakataa kugusa bunduki. Alidhihakiwa na wenzake na baadhi ya wakubwa wake walitaka kumwondoa. Mwezi Mei 1945 katika kisiwa cha Okinawa, Japani, akiwa mhudumu wa tiba, alibaki juu ya jabali chini ya risasi na kuwateremsha kwa kamba majeruhi wanaokadiriwa kuwa 75. Oktoba mwaka huo alipewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake.

Habari hiyo ni ya kweli na inatia moyo. Tatizo ni kwamba wengi wetu huanza kuisimulia kwenye lile jabali na kumalizia kwenye nishani. Doss hakuamua kule juu. Aliamua kabla ya kuandikishwa, na aliwaambia wakubwa wake mapema. Tena alikuwa katika nchi ambayo sheria ilimpa nafasi ya kutumika bila silaha. Kijana wa Mpanda asipande gari akidhani fomu yake ina kisanduku cha namna hiyo. Aulize kwanza. Kuruta wa kawaida hufundishwa bunduki, na anayeingia kwa hiari yake mwenyewe hana wa kumlaumu baadaye kwamba hakuambiwa.

Fikiri: Mwenye cheti cha uuguzi, ufundi umeme au udereva ana neno la kusema anapoulizwa atumike wapi. Asiye na ujuzi wowote hupelekwa panapohitajika mtu. Jambo hilo linawaambia nini wazazi wanaoharakisha kumpeleka kijana mara tu anapomaliza kidato cha nne?

JUMANNE
Jeshi Laini Si Kinga

Baada ya kusoma somo la jana mtu anaweza kusema: basi tatizo limekwisha. Kijana aende Zimamoto, au Magereza, au abaki JKT alime mahindi na kujenga, naye hatakutana kamwe na swali la kuua.

Historia ya nchi yetu inakataa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, Tanzania haikuwa na askari wa kutosha. Katika majuma machache jeshi lilipanuliwa kwa kuchukua mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari magereza. Wanaume waliozoea kulinda wafungwa au kulima mashamba ya kambi walijikuta wakivuka Mto Kagera na silaha. Kampala ilitwaliwa Aprili 11, 1979, na kati ya wale walioingia Uganda walikuwamo watu ambao walipojaza fomu hawakuwaza kabisa vita.

Kwa hiyo chombo unachokichagua hakikutunzii dhamiri. Kuchagua kwa busara ni vema, na Zimamoto si sawa na kikosi cha mizinga. Lakini siku inaweza kuja ambapo tofauti ya sare inafutwa kwa amri moja. Siku hiyo kijana atasimama na kile alichokiazimia moyoni, na kama hakuazimia kitu, atafanya wanavyofanya wengine.

Soma 1 Samweli 22:6–19. Mfalme Sauli anawaamuru walinzi wake wawaue makuhani wa Bwana. Walinzi wanafanya nini? Doegi anafanya nini?

Kisa hiki hakihubiriwi sana, na ni hasara kwa vijana wetu. Walinzi wale walikuwa askari wa kweli. Walikuwa wamesimama karibu na mfalme mwenye mkuki mkononi, na mfalme alikuwa na hasira. Amri ilikuwa wazi, na aliyeitoa alikuwa na mamlaka halali, kwa kuwa alikuwa masihi wa Bwana. Lakini hawakunyosha mikono. Biblia haisemi kwamba walitoa hotuba, wala haisemi kwamba walitupa silaha chini na kutoroka. Walikaa mahali pao, ila jambo lile hawakulifanya.

Na haikusaidia, kama tunavyopima sisi. Doegi Mwedomi alikuwapo. Siku hiyo waliuawa makuhani 85, kisha mji wa Nobu ukapigwa, wanawake na watoto. Walinzi hawakuokoa hata mmoja, na hakuna anayejua majina yao. Mtu anaweza kuuliza: kukataa kwao kulikuwa na faida gani, ikiwa kazi ilifanyika vilevile?

Swali hilo liachwe lisumbue darasa. Asilijibu mtu haraka. Linganisha na Yoabu katika 2 Samweli 11:14–17. Uria alibeba kwa mkono wake barua iliyoagiza kifo chake. Yoabu aliisoma, akaelewa, akamweka Uria mahali palipokuwa na mashujaa wa adui. Yoabu alitii. Alikuwa jemadari hodari, na pengine alijiambia kuwa dhambi ni ya mfalme, yeye ametekeleza tu. Maandiko hayamtaji kama mfano wa utii.

Warumi 13 inatufundisha kuitii mamlaka, na Matendo 5:29 inaweka mpaka wa utii huo. Askari Mkristo anaishi na mafungu yote mawili mfukoni. Hawezi kuchukua moja na kuacha lingine nyumbani.

Fikiri: Je, kuna amri gani ambayo kijana wako, mwanao au mwanafunzi wako wa Shule ya Sabato anapaswa kujua tangu leo kwamba hataitekeleza? Je, mmewahi kuitaja kwa sauti?

JUMATANO
Zamu ya Sabato

Amri ya kuua huja mara chache, na askari wengi hustaafu bila kukutana nayo. Zamu ya Sabato huja juma la kwanza.

Kambini Jumamosi ni siku ya usafi, ya mashamba, ya michezo, ya ukaguzi. Jumapili wengine huenda ibadani. Kijana wa Kisabato anafika Jumatatu, na Ijumaa jua linapoelekea kuzama jina lake linasomwa kwenye orodha ya lindo. Ana dakika chache za kuamua jambo ambalo alikuwa na miaka kumi na minane ya kuliwaza.

Soma Danieli 1:8–16 polepole. Danieli alifanya nini kwanza, nini cha pili, na nini cha tatu?

Angalia kwanza mambo ambayo Danieli hakuyakataa. Alipewa jina la kipagani akaliitikia. Alifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo akaisoma mpaka akawashinda wenzake. Aliitumikia serikali iliyobomoa mji wa baba zake. Alipiga mstari mahali pamoja, penye chakula cha mfalme, na aliujua mstari ule kabla sahani haijawekwa mezani.

Pili, aliomba. Alikwenda kwa mkuu wa matowashi kwa adabu, na mkuu yule alimpenda lakini aliogopa kwa ajili ya kichwa chake mwenyewe. Danieli hakumlaumu. Akaenda kwa msimamizi wa chini yake, akapendekeza jaribio la siku kumi ambalo mtu yule angeweza kulibeba bila kujiponza. Hapo kuna hekima ambayo vijana wetu huikosa. Wengine hunyamaza mpaka Ijumaa, kisha hujificha chooni au hujifanya wagonjwa. Wengine humjibu afande mbele ya kikosi kizima, halafu wakiadhibiwa huandika nyumbani kwamba wanateswa kwa ajili ya imani. Yule wa kwanza amesema uongo na yule wa pili amekosa adabu. Danieli hakufanya lolote kati ya hayo.

Kijana anayekwenda kambini aende na barua ya kanisa, aikabidhi siku za mwanzo, si siku ya mgogoro. Aseme mwenyewe, kwa utulivu, kwamba Sabato yake ni tangu Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama. Aombe kubadilishiwa, na papo hapo aahidi kubeba zamu za Jumapili na za sikukuu ambazo wenzake hawazitaki. Kisha azibebe kweli. Afande atasikiliza ombi la kuruta ambaye siku nyingine sita ni wa kwanza kuamka.

Je, akikataliwa? Inawezekana. Hapo ndipo uzuri wa kuchagua chombo unaporudi. Katika Mathayo 12:11, 12 Yesu aliuliza kuhusu kondoo aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato, akaonyesha kuwa kutenda mema siku hiyo ni halali. Askari wa Zimamoto anayekimbilia nyumba inayoungua Mpanda Jumamosi mchana, na muuguzi wa hospitali ya jeshi anayefunga jeraha, hawako mahali pamoja na mtu anayepaka chokaa mawe ya geti kwa sababu mkaguzi anakuja. Lakini hata Zimamoto kuna Sabato isiyo na moto, yenye kazi ya kuosha magari. Mwaminifu atatofautisha, na hatatumia neno “dharura” kufunika kila kitu.

Fikiri: Doss aliwahudumia majeruhi siku ya Sabato bila kusita. Katika kazi unayoifanya wewe, ambayo pengine haina sare, ni kitu gani cha rehema na ni kitu gani unakiita rehema kwa sababu kina malipo?

ALHAMISI
Askari na Kanisa la Nyumbani

Soma 2 Wafalme 5:15–19 na Matendo ya Mitume 10:1–8. Ni nini kinachokushangaza katika jinsi Mungu anavyowatendea maaskari hawa wawili?

Naamani ni jemadari wa Shamu, jeshi lililokuwa likiwateka watoto wa Israeli. Mmoja wao alikuwa akifanya kazi nyumbani kwake, na ndiye aliyeelekeza njia ya uponyaji. Baada ya kupona Naamani alimwabudu Mungu wa kweli, kisha akaleta jambo linalomsumbua: kazi yake itamlazimu kuingia nyumba ya Rimoni, mfalme akiuegemea mkono wake. Elisha hakumwandikia sheria ndefu. Alimruhusu aende kwa amani. Wako wanaolisoma fungu hili kama ruhusa ya kila kitu, nalo halisemi hivyo. Linaonyesha nabii aliyemsikiliza askari mpaka mwisho.

Kornelio alikuwa akida, mcha Mungu yeye na nyumba yake yote, mwenye sadaka na maombi. Hata askari mmoja aliyemtumikia alikuwa mtauwa. Biblia haisemi kama aliacha jeshi baada ya ubatizo au aliendelea. Tusiijazie.

Kanisa la nyumbani hukosea kwa njia mbili. Njia moja ni kumshangilia kijana aliyeajiriwa, kumwita mbele na gwanda lake, kumwomba mchango wa jengo, na kutomwuliza kamwe Sabato yake ikoje. Njia nyingine ni kumfuta moyoni siku anapoondoka. Miezi inapita bila simu. Akirudi likizo anakaa benchi la nyuma na watu wanamwangalia viatu.

Na baadhi yao hawarudi. Desemba 7, 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa, na askari wetu wasiopungua 14 waliuawa. Walikuwa wamekwenda kuwalinda raia. Kila mmoja alikuwa na mama, na pengine na kanisa au msikiti uliomfahamu tangu utoto. Mtu anayetaka kujadili habari za silaha darasani azungumze kana kwamba mama mmoja wa namna hiyo amekaa mstari wa mbele.

Turudi Katumba. Mzee wa kanisa hakuiandika barua usiku ule. Jumapili alikwenda nyumbani kwa kijana, akaketi na baba, mama na bibi. Bibi aliongea mwisho. Alisema hana ugomvi na nchi hii, iliyompa shamba na sasa jina. Ila anakumbuka mikono ya wale vijana wa mwaka 1972. Walikuwa vijana wa watu, alisema, na baadhi yao aliwafahamu.

Kijana hakuwa amewahi kulisikia hilo.

“Bibi,” akasema, “mimi sitakuwa kama wao.”

“Umeamua lini?” bibi akauliza.

Fikiri: Kijana angejibuje? Wewe ungemjibuje bibi?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Kanisa lenyewe limewahi kujikwaa katika jambo hili, na ni vema vijana wajue. Ujumbe wa Waadventista uliletwa Upareni mwaka 1903 na wamishonari kutoka Ujerumani. Miaka kumi na mmoja baadaye, Agosti 1914, vita kuu ilipoanza, viongozi wa kanisa huko Ujerumani waliiandikia serikali kwamba waumini wao watabeba silaha, na kwamba watapigana hata siku ya Sabato. Waliogopa kanisa lisifungwe. Waliamua haraka, kwa niaba ya maelfu ya watu ambao hawakuulizwa. Waliopinga walitengwa, na mgawanyiko uliotokea haujapona kabisa hadi leo. Mwaka 1923, huko Gland nchini Uswisi, viongozi wa Ulaya walitoa tamko lililomwachia kila muumini haki ya kuitumikia nchi yake kulingana na dhamiri yake. Tamko la Konferensi Kuu la mwaka 1972 lilifuata njia hiyo: kanisa linashauri kutumika bila silaha, na halimtengi aliyeamua vingine.

Kuna hatari katika uhuru huo. Kanisa linaposema “ni juu ya dhamiri yako,” linaweza kuwa linamheshimu kijana, au linaweza kuwa linamkwepa. Dhamiri isiyofundishwa haina cha kusema siku ya amri. Wajibu wa darasa la Shule ya Sabato ni kumsaidia kijana aisikie dhamiri yake kabla ya Mshauri wa Mgambo kumwita kwenye usaili.

Maswali ya Kujadili

1. Rudieni swali la Jumanne kuhusu walinzi wa Sauli. Walikataa, lakini makuhani waliuawa. Je, utii wao kwa Mungu ulikuwa bure? Msikilizeni kwanza aliyewahi kutumika jeshini, kama yumo darasani.

2. Mhitimu wa kidato cha sita anaitwa JKT kwa mujibu wa sheria. Wa kidato cha nne anajitolea. Je, wajibu wao kuhusu Sabato na silaha uko sawa? Danieli alipelekwa Babeli bila kuulizwa. Je, hilo linabadilisha chochote?

3. Muumini mmoja anasema Mkristo asiguse bunduki kabisa. Mwingine anasema bila wenye bunduki Kagera ingekuwa ya Amin. Jadilianeni bila mmoja kuihukumu imani ya mwenzake.

4. Katika kanisa lenu, ni vijana wangapi wako katika vyombo vya ulinzi na usalama? Andikeni majina yao. Nani aliwapigia simu mwezi huu?

5. Mzee wa kanisa wa Katumba bado ana karatasi tupu mezani. Barua itakwenda kwa watu wasiolifahamu kanisa letu, na itasomwa kambini na afande asiye na muda mwingi. Iandikeni pamoja, isizidi ukurasa mmoja.